Ule Ukuta Wenu

Baba yangu alikuwa fundi wa maandishi hapa Moshi, enzi zile ambazo duka halifunguliwi mpaka liandikwe kwa mkono. Kinyozi, bucha, mashine ya kusaga, ubavu wa basi, vyote vilipita kwenye brashi yake. Mimi nilikuwa mshika uzi. Nasimama upande huu na ncha moja, yeye kule na nyingine, anauvuta ule uzi wenye chaki na kuuachia, pwaa, mstari unabaki ukutani umenyooka. Halafu anarudi nyuma hatua tatu, anahesabu herufi kwa vidole na kuanzia katikati kwenda nje, jina lisije likabanwa mwishoni kama abiria wa Haisi.

Siku moja mwenye saluni alimpa karatasi yenye maneno: SALUNI YA KISASA KARIBUNI WAZURI WOTE NA WENGINE. Nilicheka. Nikasema, baba, hiyo "na wengine" tuitoe. Akaniuliza, "Ukuta wa nani?" Nikasema wa mama saluni. "Rangi kanunua nani?" Yeye. "Haya, shika uzi."

Yale maneno yalikaa ukutani miaka, na watu walikuwa wanatoka mitaa ya mbali kuja kuyasoma, wanaingia wananyoa. Lakini mimi sikuelewa nilichofundishwa pale. Nilikuja kukielewa nikiwa mtu mzima, na kwa gharama.

Mwaka 2018 lilikuja mjini shirika moja na mradi wa sanaa shirikishi. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya uchoraji, nimeanza kujiita msanii na siyo fundi, tofauti ambayo siku hizo niliiona kubwa kweli. Tukaelezwa kwenye semina kwamba katika sanaa ya namna hii mwananchi siyo mtazamaji tu, anaitengeneza kazi pamoja na msanii. Nikaipenda hiyo habari. Msanii mkuu alikuwa mgeni kutoka Ulaya, kijana mwema mwenye adabu, Kiswahili chake kinatosha kuombea chai na kushukuru. Tukapewa ukuta wa mita thelathini hivi kwenye mtaa mmoja wa upande wa chini wa mji, karibu na reli.

Kikao na wananchi kilikuwa kimoja. Mwenyekiti wa mtaa akafungua, mtendaji akasoma barua, kisha likaja swali la kwanza ambalo huwa la kwanza siku zote: posho shilingi ngapi? Wageni wakatazamana. Mimi nikaona aibu kwa niaba ya mtaa, na leo naona aibu kwa kuona aibu ile. Mtu anayefua nguo za watu kwa kutwa, ukimwita asubuhi ukamwachia saa nane, umeshamla siku yake. Na pale mbele, kuanzia dereva hadi mimi, hakuna aliyekuwa amekuja bure.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi reli akasimama. Akasema anaomba ichorwe treni. "Tembo mimi hapa mtaani sijawahi kumwona. Treni nilikuwa naisikia kila siku, na watoto hawa hawaijui." Watu wakapiga makofi. Ikaandikwa kwenye karatasi ya chati. Karatasi ya chati haijawahi kumkatalia mtu.

Kilichochorwa ni mlima, tembo wawili, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, na watoto wanacheka. Michoro ilikuwa imeshapitishwa kabla hata ya kikao. Usiku tulileta prejekta tukafuatisha mistari yote kwa penseli, na Jumamosi wananchi wakaja wakapewa fulana, brashi na namba: moja bluu, mbili kijani, tatu kahawia. Bibi mmoja akaniuliza kwa wasiwasi, "Na nikitoka nje ya mstari?" Nikamjibu, "Hamna shida bibi, tutarekebisha."

Tukarekebisha kweli. Jumapili nzima mimi na wenzangu wawili tulipaka upya karibu kila kitu walichopaka. Sehemu hiyo haikuingia kwenye ripoti. Ripoti ilisema washiriki 140.

Niseme na habari ya ukuta wenyewe, maana hapo ndipo ufundi wangu uliponisuta. Fundi mwashi wa mtaani alipita siku ya kwanza, akaukwangua kwa ukucha na kusema, "Huu ukuta unakunywa maji." Msingi wake ulikuwa chini, hauna kitu cha kuzuia unyevu kupanda, na plasta ilikuwa haijakauka vizuri. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya plasta ya namna hiyo unakuwa umeyafungia maji ndani, na maji hayakubali kufungiwa. Mtoto wa fundi maandishi nilijua hilo. Nikanyamaza kwa sababu tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa. Masika ya kwanza tembo wakatoka malengelenge. Ya pili wakaanza kubanduka, na juu yao yakabandikwa matangazo ya waganga, kisha mtu akaandika kwa mkaa HAPA SIO CHOO.

Nilipita pale kununua vitumbua. Mama muuzaji, bila ubaya wowote, akaniambia, "Ule ukuta wenu umebanduka, mmeuona?"

Wenu. Nilitembea na hilo neno mpaka nyumbani.

Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi baada ya zaidi ya miaka ishirini. Watu walijaa stesheni, watoto wamebebwa mabegani. Nilimtafuta yule mzee kwa macho, sikumwona.

Baada ya hapo nilirudi kwenye mabango, nikakaa kimya na mambo ya sanaa. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilikuwa zimeshatula sana, lakini kazi ndogo ndogo zilikuwepo. Mwaka 2023 nikaombea ruzuku, siyo kubwa, na kwenye andiko nikaahidi mchoro wa ukutani wenye mada ya amani, kwa sababu mada ya mwaka ule ilikuwa amani. Nikachagua soko ninalonunua ndizi. Jina lake sitalitaja. Wenyewe wameniambia nisiwataje, na nimeshajifunza kushika uzi. Hata majina ya watu nitayaficha kwa bidhaa zao, kama wanavyoitana wenyewe: Mama Mshare, Mama Kitunguu, Mama Parachichi. Na Bibi wa Uru, ambaye alikuwa anauza kila kitu na hauzi kitu, yuko pale tu kila siku kama mwenye soko.

Nilianza kwa kujipendekeza. Nikawaambia mimi siji na mradi, nakuja na msaragambo. Nilidhani nimepiga pale pale, maana huku Kilimanjaro nani asiyejua msaragambo? Baragumu linalia, watu wanatoka na majembe kutengeneza barabara au kuzibua mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, na asiyetoka anatozwa. Mama Mshare akaacha kupanga chane zake, akanitazama.

"Msaragambo wa nini?"

"Wa kuchora ukuta ule wa choo, mama."

"Mwanangu, msaragambo wa mfongo mimi natoka kwa sababu maji yanafika shambani kwangu. Huo wa kwako maji yanafika wapi?"

Wakacheka soko zima. Nikacheka na mimi, nifanyeje.

Basi nikawauliza, ninyi mnataka nini. Jibu likatoka midomoni mingi kwa pamoja: kivuli. Ile sehemu ya ndizi haina paa. Wanakaa juani kuanzia saa mbili, wanajifunika kanga, na ndizi zinaiva upande mmoja. Nikaeleza kwamba kivuli ni kazi ya manispaa, mimi ni msanii. Mama Parachichi akauliza, "Wewe una nini?" Picha. "Picha ina kivuli?"

Nikaondoka nimenuna. Ilinichukua kama wiki nzima na simu kadhaa za kulalamika kwa rafiki zangu kabla sijarudi na wazo ambalo, ukweli, lilikuwa la kwao: turubai. Turubai kubwa la viraka, kila mama ashone chake, aandike anachotaka. Kumshawishi mfadhili kubadilisha ukuta kuwa turubai kulichukua miezi miwili. Waliuliza kwa barua pepe, sanaa iko wapi hapo? Sikuwa na jibu zuri. Nikaandika kitu kuhusu kanga: kwamba kwetu nguo ina pindo, ina mji, ina jina, na jina la kanga hupeleka ujumbe ambao mdomo umeshindwa. Wakakubali. Nadhani walichoka.

Kazi yenyewe ndiyo nitaikumbuka mpaka nazeeka. Tulitumia viroba vya mchele na sukari, vile vyeupe vya plastiki. Kiroba ukikikata kinafumuka papo hapo, nyuzi zinatoka kama nywele. Kijana mmoja mbeba mizigo ndiye alituonyesha: unawasha mshumaa, unapitisha ukingo juu ya moto haraka, usikae, ukikaa kinajikunja na kunuka, ukipita upesi kinayeyuka kidogo na kujifunga chenyewe. Kisha unakunja, unashona kwa shazia. Na uzi hununui. Zile nyuzi zilizofumuka mwanzoni, ukizisokota tatu tatu mapajani, hazikatiki kwa mkono wa mtu.

Rangi iligoma. Mimi mtaalamu nilikuja na makopo yangu, nikaandika kiraka cha mfano kwa mkono wa baba, herufi zina kivuli na kila kitu. Kikakauka, wakakisifu. Mama Mshare akakikunja mara moja, akakikunjua, nusu ya herufi zikabaki chini. Kiroba hakishiki rangi ya mafuta. Kimya kikapita. Ndipo Mama Kitunguu, ambaye mpaka siku ile hakuwa ameongea sana, akasema herufi zikatwe kwa nguo na zishonwe. Tukaenda soko la Memorial, tukachagua jinzi na mashati yaliyochakaa ambayo muuzaji wa mitumba alikuwa anataka kuyatupa, tukalipa bei ya utani. Fundi cherehani mmoja akajitolea mashine yake mchana wa Jumapili. Mimi kazi yangu ikawa kuchora herufi kwa chaki juu ya kitambaa, wao wanakata. Yaani nilirudi kushika uzi.

Viraka vilikuwa 31. Maneno, ningeyaandika yote kama nisingeogopa kuchosha. Mama Parachichi: USIMINYE KAMA HUNUNUI. Mwingine: MUME WANGU ANAJUA NIMEUZA ELFU SABA. Mwingine aliandika jina la mtoto wake na mwaka aliomaliza darasa la saba, basi. Mwingine, BEI NIMESHAKUAMBIA. Muuza dagaa mmoja hakutaka maneno, akashona samaki watatu wanaotazama upande mmoja na wa nne anatazama kwingine. Alipoulizwa akasema wa nne ni yeye. Bibi wa Uru hajui kusoma. Alishona kwato, au kitu kama kwato, na hakumweleza mtu yeyote.

Mratibu wa mfadhili alipoona picha akapendekeza tahajia zirekebishwe, maana mmoja alikuwa ameandika MUNGU NIMWEMA, na hilo la mume liondolewe, linaweza kuleta tafsiri mbaya. Nikamwuliza turubai la nani. Akasema la jamii. Nikasema basi.

Sijisifu. Siku tatu baadaye nilikuwa na wembe mfukoni.

Ilikuwa hivi. Wale akina mama wana mchezo: kila mmoja anatoa shilingi 2,000 kwa siku, kila baada ya siku kumi na tano zinabebwa na mmoja, kwa zamu. Mama Kitunguu alishabeba zamu yake, tena mapema, halafu akaacha kutoa. Mimi sikuyajua hayo. Turubai lilipoinuliwa, nguzo nane za mikaratusi, watu wanapiga vigelegele, nikasoma kiraka kimoja ambacho hakikuwepo jioni iliyopita. MAMA KITUNGUU MWEZI WA TATU HUU. Herufi za jinzi, zimekatwa vizuri kuliko zote. Na kimeshonwa juu kabisa ya pale anapokaa, kivuli chake kinamwangukia kichwani.

Mama Kitunguu akakusanya ndoo zake, akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Soko likawa na ule ukimya wa watu wanaojua jambo. Mimi kichwani naona ripoti: mradi wa amani umewafarakanisha wauza ndizi. Jioni ya siku ya pili nikabaki nyuma, nikapanda juu ya kreti, nikatoa wembe nifumue kile kiraka. Nikasikia nyuma yangu:

"Ulishona wewe?"

Bibi wa Uru, na fimbo yake.

"Hapana bibi, lakini—"

"Shuka."

Nikashuka. Akakaa juu ya kreti nililokuwa nimesimamia, akaniambia mambo mawili kwa upole ule unaouma. La kwanza, aliyeshona kakosea, mdai huanza kwenda nyumbani kwa mtu kabla ya kwenda sokoni. La pili, mimi nikifumua nitakuwa nimewaambia kwamba maneno yao ni yao mpaka pale yanapoanza kuwa na maana. Hakusema kwa maneno hayo hasa. Alisema, "Uliwapa mdomo, sasa unataka kuwaziba."

Yaliyofuata hayakuwa kazi yangu, nami nilikuwepo kwa sababu tu nilikuwa nimeketi pale. Siku ya tano Mama Kitunguu alikuja na wifi yake, mkononi ana jani la isale. Kwa asiye wa huku: isale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani, tunaupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na mtu akikuletea jani lake amekuja kuomba msamaha. Kulikataa ni jambo zito. Watu hawalikatai hivi hivi. Nilitegemea basi yameisha. Lakini Bibi wa Uru akamgeukia yule aliyeshona (ambaye, kama hukubahatisha, ni Mama Mshare) akamwuliza na la kwake liko wapi. Mama Mshare akasema yeye ndiye anayedai. "Ndiyo, unadai. Na umemtangaza." Ikachukua asubuhi nzima. Mchana mtoto akatumwa nyumbani kwa mtu aliye karibu kukata jani la pili.

Kiraka hakikufumuliwa. Walikata majani mawili kwenye sketi ya shule ya kijani, wakayashona juu ya maneno MWEZI WA TATU, hivyo kinachosomeka sasa ni MAMA KITUNGUU kisha majani kisha HUU. Wageni huuliza maana yake. Wanaambiwa ni urembo. Deni lililipwa kidogo kidogo, na sijui kama liliisha, siyo langu.

Nilikuwa na simu yenye picha za mambo haya na nilianza kusoma wengine duniani walifanyaje. Nikakutana na habari ya Joseph Beuys, msanii wa Kijerumani, ambaye mwaka 1982 alirundika mawe 7,000 mbele ya jumba la makumbusho katika mji wa Kassel, akasema jiwe haliondoki hapo ila kwa kupandwa pamoja na mti mahali fulani mjini. Watu walilalamika, rundo limeharibu uwanja wao. Mawe yakaisha kidogo kidogo, kadiri watu walivyopanda. Yeye akafariki Januari 1986, na mti wa mwisho ukapandwa 1987. Hilo la kufa kabla kazi haijaisha na kazi ikaisha tu, niliwasimulia sokoni. Mama Parachichi akauliza miti gani. Mialoni, nikasema. Ina matunda? Ya kuliwa na nguruwe. Akapoteza hamu.

Lililowagusa zaidi lilikuwa la jirani. Mwaka 2022, Kassel hiyo hiyo, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka mitano, kikundi cha Wajukuu kutoka Mukuru, Nairobi, kilijenga njia ya kuingilia kwenye maonyesho kwa mabati yenye kutu, kama ya nyumba za kwao, na kikapata tuzo ya Arnold Bode. Waliokuwa wameandaa maonyesho yale, ruangrupa wa Jakarta, waliyapanga yote juu ya neno moja la kwao, lumbung, yaani ghala la mpunga la kijiji, kila mmoja anaweka ziada yake na wote wanaamua igawanywe vipi. Mama Mshare akasema, "Kumbe ni mchezo." Nadhani hakuna aliyeieleza vizuri zaidi.

Na hapo ndipo kilipokuja kile ambacho mpaka leo sijakimaliza moyoni. Mfadhili alifurahi kupita kiasi. Akataka turubai liende Dar es Salaam kwenye maonyesho, wiki tatu, Januari. Mimi ningekwenda nalo. Nilikuwa nimengoja jambo kama hilo tangu nilipoacha kujiita fundi. Nikaitisha kikao nikiwa nimeshapiga mahesabu ya viatu.

Nikaanza na habari ya Sam Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere na London, ambaye picha yake ya wanaume wanaopeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa bibi harusi usiku iko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Nikasema, mtu wa hapa hapa juu, mbege ya hapa hapa, iko Marekani inatazamwa. Nilidhani nitawatia moyo.

"Mbege iko New York," Mama Mshare akarudia taratibu. "Na bibi harusi alikunywa nini?"

Wakacheka mpaka wakajifuta macho. Kisha Mama Kitunguu, yule yule, akauliza swali la kawaida tu: Januari jua likoje? Mnalijua la Moshi mwezi huo, mlima uko wazi hauna hata wingu na lami inanata. Nikasema ni wiki tatu tu. Akauliza turubai la harusi linakodishwa shilingi ngapi kwa siku. Mtu akataja bei. Mwingine akatoa simu, akazidisha kwa ishirini na moja, akanionyesha kioo. "Mwambie atulipe hii, aende nalo hata mwezini."

Nikampelekea mfadhili ile hesabu. Kwenye bajeti yao kulikuwa na fungu la kusafirisha kazi ya sanaa, la bima ya kazi ya sanaa, la kifungua kinywa siku ya uzinduzi. Fungu la kukodi kivuli kwa wenye kivuli halikuwepo, na mwaka wa fedha ulikuwa umefungwa. Turubai halikwenda. Nilikwenda mimi na picha mbili na kile kiraka changu cha mfano kilichobanduka, kikatundikwa ndani ya fremu ya kioo, kikapigiwa taa. Watu walikisimamia kwa heshima kubwa. Nilikaa Dar siku mbili badala ya wiki tatu.

Niliwakasirikia, nisifiche. Kama miezi minne nilinunua ndizi soko jingine, tena kwa bei mbaya. Nilikuwa najiambia hawakuelewa. Walikuwa wameelewa kuliko mimi, na hicho ndicho kilikuwa kinanikera.

Mwezi uliopita nilipita. Turubai limechakaa. Upepo wa mchana ulikuwa umelifanya tanga la jahazi tangu zamani, likang'oa nguzo mara mbili, hivyo wale wabeba mizigo walilikata matobo kama madirisha na kushonea vifuniko juu yake, upepo unatoka, jua haliingii. Sikushirikishwa. Kiraka cha samaki kimechanika, wamebaki wawili na nusu. Kwato ya Bibi wa Uru ipo, ila mwenyewe hayupo. Alizikwa mwezi wa saba, nyumbani Uru, na walikodi Haisi mbili kwenda.

Karibu na pindo nikaona viraka ambavyo sivijui, vitano au sita. Kimoja kimeandikwa kwa herufi nyekundu zilizoegemea kulia, kazi ya mtu asiyetumia chaki: CHENJI HATUNA NA WEWE UNAJUA. Chini yake alikuwa amekaa binti wa miaka ishirini hivi, mgeni kwangu, anauza nyanya chungu.

Nikamwuliza, "Hiki nani kashona?"

"Mimi."

"Nani alikuambia uongeze?"

Akanitazama juu mpaka chini, akaweka sawa kibati chake cha kupimia.

"Kwani dada, turubai la kwako?"

Nikanunua kibati kimoja. Nilikuwa na noti ya elfu kumi tu, na chenji kweli hakuwa nayo.